Kirilo Japhet na ardhi ya Wameru

Nipo Kaloleni, naburuza notsi za historia. Hapa tuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, ila jamani, mambo ya ardhi huku hayakuanza 1967.

Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, ili walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zikachomwa moto. Eti Mzungu ndiye angeitumia ardhi vizuri! Wenyewe waliolisha mifugo yao pale hawakusikilizwa.

Wameru hawakukaa kimya. Wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kule New York, miaka mitatu kabla ya Nyerere. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilisikia. Mimi naona kwenye vitabu vya sekondari anapewa nafasi ndogo mno.

Halafu 1960 ikaanzishwa hifadhi ya Ngurdoto, ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, jirani kabisa na Ngarenanyuki. Sasa ukienda kule kuongelea uhifadhi, wazee watakuuliza kwanza mpaka unapita wapi. Wana sababu zao.