Kompyuta zinavyosaka siri ya chembe za kwaki nzito

MNAMO 2003, wanasayansi katika maabara ya KEK iliyoko Tsukuba, Japani, waligundua chembe ambayo hakuna aliyeitarajia. Waliiita X(3872). Uzito wake ni takriban mara nne ya ule wa protoni, nayo husambaratika punde tu inapozaliwa. Chembe za muda mfupi namna hii huitwa resonansi.

Ndani yake mna kwaki nzito aina ya chamu pamoja na antikwaki yake. Utata ni kwamba uzito wake unakaribia mno jumla ya uzito wa chembe nyingine mbili, ziitwazo mesoni D na D-nyota. Je, ni mesoni mbili zilizoshikana kwa ulegevu, au ni kwaki zilizofumbatana kwa nguvu?

Nadharia ya kani inayozifunga kwaki imejulikana tangu 1973. Hata hivyo, katika umbali unaolingana na upana wa protoni, kani hiyo hukaza kiasi kwamba hesabu za kalamu na karatasi hazifui dafu. Ndipo mwaka wa 1974 Mmarekani Kenneth Wilson akapendekeza nafasi na wakati vigeuzwe kuwa mfano wa wavu: kwaki hukaa kwenye mafundo, nayo kani hupita katika nyuzi. Kompyuta zenye uwezo mkubwa hubuni hali nyingi za wavu huo kwa kubahatisha, kisha hutafuta wastani.

Lakini wavu una mipaka, na mesoni zilizomo haziwezi kutawanyika kwenda mbali. Mwanafizikia Martin Lüscher aligeuza udhaifu huo kuwa faida. Alionyesha kwamba viwango vya nishati ndani ya kisanduku hubadilika kulingana na ukubwa wake, na mabadiliko hayo hufichua jinsi mesoni zinavyovutana au kusukumana.

Mnamo 2013, Sasa Prelovsek na Luka Leskovec wa Slovenia walitangaza dalili za kwanza za X(3872) katika hesabu hizo. Uchunguzi wa 2015 ulionyesha kwamba chembe hiyo haikuonekana pale ambapo jozi ya chamu na antichamu iliachwa nje, hivyo kuitilia shaka dhana ya mesoni mbili pekee.

Ushahidi huo, hata hivyo, una kasoro. Ili kupunguza gharama ya hesabu, kwaki nyepesi zilipewa uzito kupita kiasi, na pioni ikawa karibu mara mbili ya uzito wake halisi. Kwa chembe iliyo ukingoni kama hii, tofauti ndogo tu yaweza kubadilisha jibu.