UZI: "Wadau walishirikishwa." Wadau gani?

1/ Kila mradi mkubwa ukigusa Mombasa, ugomvi huwa ule ule. Upande mmoja: "Wananchi walishirikishwa, orodha ya waliohudhuria iko." Upande wa pili: "Sisi hatukuulizwa." Na mara nyingi pande zote mbili zasema kweli! Uzi huu ni wa kueleza inawezekanaje. Sitaji mtu wala chama. Tusome historia kidogo, halafu tutabishana vizuri.

2/ Tuanze mbali. Mkataba wa Desemba 1895 ulikabidhi Uingereza usimamizi wa ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara. Huo ulikuwa mradi uliobadilisha kila kitu kisiwani: bandari, kazi, wageni, bei ya ardhi. Mwenyeji wa hapa aliyaona mabadiliko yakifika. Hakuna aliyekuja kumuuliza yatamfanyia nini.

3/ Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi za pwani. Ukidai ardhi ni yako, upeleke madai yako rasmi. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Aliyejua kusoma, mwenye pesa na mwenye mtu ofisini, alipata karatasi. Aliyekuwa analima tu au kuishi tu kama babu zake, wengi wao walijikuta wageni kwenye ardhi yao. Shikeni jambo hili moja, ndio msingi wa uzi: tangu hapo, mbele ya serikali, mwenye neno ni mwenye karatasi.

4/ Mfano ulio hai ni Majengo, hapa hapa kisiwani. Kuna nyumba nyingi za Kiswahili ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Amejenga kwa jasho lake, anaishi humo na wanawe, na analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Ndani ana wapangaji wa vyumba. Barazani pana mama wa viazi karai. Sasa mradi ukija na mtaalamu akauliza "mwenye mali ni nani?", jibu litakuwa jina moja. Lakini watakaohama ni watu thelathini.

5/ Twende Makupa. Zamani reli ilivuka mlango ule kwa daraja, maji yakipita chini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 likawekwa tuta, barabara na reli zikapita juu yake. Kwa usafiri ilikuwa faida kubwa. Lakini mkondo kati ya hori la Tudor na upande wa Kilindini na Port Reitz ukakatika. Hakukuwa na sheria iliyotaka mvuvi wa Tudor aulizwe, na hati ya bahari hakuna aliye nayo.

6/ Daraja jipya la Makupa lilikamilika 2022, na sababu moja iliyotolewa ya kulijenga ni kurudisha mkondo wa maji. Hesabu wewe mwenyewe: ni kama miaka 90. Aliyejua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, angeweza kusema siku ya kwanza kwamba ukiziba mlango ule, maji yatalala. Kumuuliza mwenyeji si kumfanyia hisani. Ana habari ambazo mhandisi hana.

7/ Mji wa Kale nao. Mpango wa hifadhi wa 1990 uliweka utaratibu wa kulinda majengo, na chini ya Makumbusho ya Taifa kuna ofisi ya hifadhi. Ni kazi nzuri, bila hiyo tungekuwa na maghorofa mpaka Ndia Kuu. Lakini majengo na watu ni hesabu mbili. Mlango wa nakshi una utaratibu wa kuulinda. Mpangaji anayekaa nyuma ya mlango ule je, kodi ikipanda kwa sababu mtaa umependeza? Tathmini ya athari za kijamii ndiyo inayotakiwa kuuliza swali hilo.

8/ Sasa sheria. Sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni zake za 2003 zililazimisha tathmini ya athari kabla ya mradi. Kanuni zinasema wakati wa utafiti itolewe taarifa, na iitishwe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Hazikusema "wenye hati". Zilisema walioathirika. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 10, ikafanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa.

9/ Je, orodha ya mahudhurio yatosha? Jibu lilitoka kwa jirani zetu Lamu. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mikutano ilikuwa imefanywa! Shida ni kwamba ilifanywa kabla utafiti haujakamilika. Watu walijulishwa mradi, hawakuelezwa madhara yaliyopatikana wala kupewa nafasi ya kuyajibu. Kumjulisha mtu si kumshirikisha.

10/ Mwaka mmoja kabla, 2018, Mahakama Kuu iliamua kesi ya bandari mpya ya Lamu na kuamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Wavuvi hawana hati ya bahari. Lakini mahakama ilitambua riziki yao na utamaduni wao. Kwa mpwani, hilo ni jambo kubwa: miaka 110 baada ya sheria ya 1908, asiye na karatasi akahesabiwa.

11/ Kuna watakaosema: "Mkiuliza kila mtu, hakuna kitakachojengwa, na vijana wataka kazi." Hoja hii si ya kudharauliwa. Kuna kesi hutumiwa kuchelewesha tu, na kuna wanaojiita wasemaji wa mtaa bila kutumwa na mtu. Lakini mradi wa Lamu haukukwama kwa sababu watu waliulizwa. Ulikwama kwa sababu hawakuulizwa ipasavyo. Haraka haraka haina baraka, na kortini ina gharama.

12/ Basi mara nyingine ukisikia jukwaani "wadau walishirikishwa", usipige makofi wala usizomee. Uliza manne:
– Mkutano ulikuwa kabla au baada ya utafiti?
– Ripoti ilielezwa kwa Kiswahili, au ilikuwa kitabu cha Kiingereza mezani?
– Mpangaji, mvuvi na mama wa viazi walihesabiwa, au mwenye hati pekee?
– Kuna jambo lolote kwenye mradi lililobadilika kwa sababu ya walichosema?

13/ Hilo la nne ndilo kubwa. Kama hakuna kilichobadilika hata kimoja, huenda watu waliitwa wapate soda na kutia sahihi tu. Na ukiona leseni imetolewa vibaya, sheria inakupa siku 60 kukata rufaa kwa jopo lile lile lililosikiliza Lamu. Zihesabu mapema.

Mwenye kisa cha mtaa wake, aweke hapa chini.