Historia ya Ulevi na Dawa za Kulevya katika Mitaa Yetu, na Wajibu wa Jamaa



Katika taarifa ya kila mwaka twatoa hesabu ya michango, ya mazishi na ya masomo, kama ilivyo desturi ya chama. Lakini safari hii hesabu ya mazishi imetulazimisha kuandika jambo jingine. Miongoni mwa tuliowazika wamo vijana ambao sababu ya kufa kwao haikutajwa kaburini. Ilisemwa tu kwamba waliugua ghafula. Sisi wakaaji wa Mukuru kwa Reuben twajua maana ya maneno hayo, na twajua kwa nini husemwa. Wazee hutuonya tusitazame tulipoangukia, bali tutazame tulipojikwaa. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza kwa ufupi jinsi tulivyofika hapa.

Pombe ilivyoingia gizani

Katika makabila yetu mengi pombe ilikuwa kinywaji cha wazee. Ilinyweka mchana, mbele ya watu, siku ya mahari, ya mavuno au ya kupatanisha waliogombana. Kijana hakuketi penye kibuyu. Haikuwa lazima kuwe na askari wa kumzuia, maana macho ya jamaa yalitosha.

Mji wa Nairobi ulibadili mambo hayo. Mwaka wa 1919, katika mkataba uliotiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mataifa yaliyotawala Afrika yalikubaliana kukataza pombe kali za biashara zisiingizwe wala kutengenezwa katika sehemu kubwa ya bara hili. Kisha, katika miaka ya 1920, halmashauri ya mji ikajichukulia peke yake haki ya kutengeneza na kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, katika kilabu kilichokuwa Pumwani. Faida yake iliingia katika mfuko wa kazi za ustawi wa Waafrika. Twalitaja hili kwa masikitiko, maana chama chetu nacho ni cha ustawi. Palikuwa na wakati ambapo ustawi wa mtu mweusi katika mji huu ulilipiwa na kiu yake mwenyewe.

Wanawake waliopika pombe majumbani ili kulisha watoto walikamatwa na kutozwa faini. Hata hivyo hawakuacha, kwa kuwa kodi ya nyumba haikungoja. Walilojifunza ni kuficha. Pombe ikatoka uani ikaingia chumba cha ndani, ikatoka mchana ikaingia usiku. Macho ya jamaa yakaachwa nje ya mlango.

Mukuru na msiba wa mwaka wa 2000

Mitaa yetu ya Mukuru, yaani kwa Reuben, kwa Njenga na Viwandani, ilikua kandokando ya mto Ngong, karibu na viwanda. Watu waliokuja kutafuta kazi walijenga vyumba vya mabati wakangoja kuitwa langoni mwa kiwanda. Aliyekosa kazi alihitaji cha kumsahaulisha, na aliyekosa mtaji aliona kwamba chang'aa huuzika.

Mwaka wa 1980 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Kinywaji hakikutoweka, bali kilizidi kufichwa. Na kinachopikwa kwa siri hakipimwi na mtu. Wauzaji wengine walianza kuongeza kemikali za viwandani ili kiwe kikali upesi na kwa bei nafuu. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, watu waliokunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu gilasi moja iliuzwa shilingi kumi, walikufa zaidi ya 100. Mamia walipelekwa hospitali, na wengine walipofuka. Sumu yenyewe ilikuwa methanoli. Yafaa kila mzazi ajue kwamba sumu hii haiui papo hapo. Mnywaji huweza kulala akidhani amelewa tu, kumbe mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Baada ya saa nyingi ndipo huona ukungu, hutapika na kupumua kwa shida. Anayefikishwa hospitali mapema huweza kuokolewa. Anayefichwa nyumbani kwa aibu hufa.

Mwaka wa 2010 Bunge lilipitisha sheria mpya ya vileo iliyofuta marufuku ya mwaka wa 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kwa kipimo. Hata hivyo siri haikukoma. Mwaka wa 2014 methanoli iliua tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, na Februari 2024 watu 17 walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga.

Unga

Ndugu wa pwani walitutangulia katika msiba wa pili. Tangu miaka ya 1980 heroini, ambayo hutokana na afyuni, iliingia Mombasa na Malindi kwa njia ya bahari, na baadaye ikapanda hadi Nairobi. Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana Aprili 2014, wakati manowari ya Australia ilipokamata jahazi karibu na pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini.

Dawa za jamii ya afyuni huua kwa njia yake zenyewe. Zikizidi kipimo, ubongo husahau kuamuru mapafu yapumue. Mtu haamki akiitwa; anakoroma kwa kukwama; midomo na kucha hupoteza rangi; mboni za macho huwa ndogo mno. Anayekabiliwa na hatari kubwa kuliko wote ni yule aliyetoka kifungoni au kituo cha matibabu. Mwili wake umesahau dawa, naye akirudia kipimo cha zamani, hicho humuua.

Basi mwenye kumkuta mtu katika hali hiyo asimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Aite msaada, ampulizie pumzi mdomoni iwapo hapumui, na akipumua amlaze kwa ubavu, wala asimwache peke yake. Iko dawa iitwayo naloksoni ambayo huondoa nguvu za afyuni kwa dakika chache. Lakini dawa hiyo huisha mwilini upesi, kwa hiyo hapana budi mgonjwa afikishwe hospitali hata akiamka. Tangu mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba jamaa na rafiki wa watumiaji nao wapewe naloksoni na kufundishwa kuitumia.

Uraibu wenyewe una tiba. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka wa 2011, na hapa kwetu Hospitali ya Mathari ilianza Desemba 2014. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, mwanzoni kila siku, nayo humwondolea arosto hata aweze kufanya kazi na kukaa na watu wake.

Kosa letu

Katika historia hii kila mlango uliofungwa ulimficha mtu mbali zaidi na wale ambao wangemwokoa. Twakiri kwamba mlango mmoja tuliufunga sisi wenyewe. Mama mmoja alituomba nauli ya mwanawe ya kwenda kunywa methadoni kila siku. Tulimjibu kwamba chama hakisaidii mateja. Hakurudi kuomba tena. Tuliposikia habari zake mara ya pili zilikuwa habari za msiba, nasi tukachanga pesa za jeneza kwa usiku mmoja. Pesa hizo zingalimlipia kijana nauli ya miezi mingi.

Kwa ajili hiyo mkutano mkuu umekubali kwamba tangu sasa nauli ya matibabu itoke katika sanduku lile lile la mazishi, bila mwombaji kuulizwa maswali mbele ya watu. Wazazi nao twawasihi waseme na watoto wao mapema, kabla ya rafiki wa kichochoroni kusema nao. Na mtoto akianguka, wasimfukuze, maana afukuzwaye nyumbani hutumia peke yake, na atumiaye peke yake hana wa kumwamsha.

Neno teja twaomba lisitumike tena katika mikutano yetu. Aitwaye hivyo ana jina alilopewa na jamaa yake, na laiti tungalimwita kwa jina hilo angali hai, tusingalingoja kulisoma juu ya msalaba.

Ni sisi watumishi wenu,
Kamati ya Chama