Ron Paul na maoni ya Wamarekani: Wachache ndani ya chama cha wengi

Tarehe 15 Mei mwaka 2007, mjini Columbia katika jimbo la South Carolina, wanasiasa kumi wa chama cha Republican walisimama jukwaani, kila mmoja akitaka kuteuliwa kugombea urais wa Marekani. Mmoja wao, Mbunge Ron Paul wa Texas, alisema kuwa mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001 hayawezi kueleweka bila kutazama mienendo ya Marekani yenyewe huko Mashariki ya Kati, ikiwemo miaka kumi ya kuishambulia Iraq kwa mabomu. Rudolph Giuliani, aliyekuwa meya wa New York siku ya mashambulizi hayo, alimkatiza na kumtaka ayafute maneno yake. Ukumbi ukarindima kwa makofi. Paul hakuyafuta.

Walikuwepo Warepublican waliotaka asialikwe tena katika midahalo. Lakini miezi minane baadaye, wapiga kura wa Iowa walipokutana kuchagua, Paul alipata karibu asilimia 10, naye Giuliani hakufikisha asilimia 4. Ilikuwaje basi mtu aliyepingwa namna hiyo na chama chake akapata wafuasi waaminifu kiasi hicho? Na kwa nini, pamoja na uaminifu wao, hakuukaribia uteuzi?

Ron Paul alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la Pennsylvania. Alisomea udaktari, akawa daktari katika jeshi la anga, kisha mwaka 1968 akahamia Texas kama mtaalamu wa uzazi na maradhi ya wanawake. Inaelezwa kuwa amewazalisha akina mama watoto zaidi ya 4,000. Kilichomwingiza katika siasa hakikuwa ugonjwa wala hospitali, bali fedha. Tarehe 15 Agosti mwaka 1971, Rais Richard Nixon alitangaza kuwa Marekani haitabadilisha tena dola kwa dhahabu kwa serikali za nchi za nje. Paul aliona kuwa tangu siku hiyo serikali ilipata uhuru wa kuchapisha fedha kadiri ipendavyo, na kwamba mzigo wa kupanda kwa bei ungemwangukia mwananchi.

Aliingia Bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Mwaka 1988, akiwa amekwisha kukihama chama cha Republican, aligombea urais kwa tiketi ya chama cha Libertarian, kinachotaka serikali iingilie kwa uchache kabisa maisha na mali ya mtu. Alipata kura zipatazo 432,000, yaani chini ya asilimia moja ya kura zote. Somo lilikuwa wazi. Katika mfumo wa Marekani, ambamo mshindi wa jimbo huchukua yote, chama cha tatu hugeuka kuwa kaburi la fikra. Alirejea Republican, akachaguliwa tena mwaka 1996, na kukaa Bungeni hadi Januari 2013.

Huko alijulikana kwa kusema hapana. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa Warepublican watatu tu katika Baraza la Wawakilishi walioipinga sheria iliyopanua mamlaka ya serikali ya kuwapeleleza watu kwa jina la kupambana na ugaidi. Oktoba 2002 alikuwa mmoja wa Warepublican sita waliokataa kumpa Rais George W. Bush idhini ya kuivamia Iraq. Vita vilipoanza Machi 2003, Wamarekani wapatao saba kati ya kumi waliviunga mkono. Kufikia mwaka 2007 upepo ulikuwa umegeuka, na zaidi ya nusu yao waliona kuwa vita hivyo vilikuwa kosa.

Hapa ndipo penye fundo la kisa chetu. Mtu angetarajia kuwa aliyeonya mapema angetuzwa. Lakini waliobadili mawazo walikuwa hasa Wademocrat na wasio na chama. Warepublican wengi, ambao ndio waliomchagua mgombea wa chama chao, bado waliviunga mkono vita. Kwa hiyo Paul alikuwa pamoja na walio wengi nchini, na wakati huo huo alikuwa miongoni mwa wachache chamani mwake. Kura za mchujo hazimwulizi mwananchi wa kawaida. Humwuliza hasa mwanachama.

Wachache hao, hata hivyo, walikuwa na ari isiyo ya kawaida. Tarehe 5 Novemba 2007 walichanga zaidi ya dola milioni 4 kwa siku moja kupitia mtandao wa intaneti, na tarehe 16 Desemba wakachanga takriban dola milioni 6. Fedha hizo hazikutoka kwa matajiri wachache, bali kwa maelfu ya watu waliotoa kidogo kidogo. Haba na haba, kama wahenga walivyosema, hujaza kibaba. Baada ya midahalo, watazamaji walipoalikwa kupiga kura kwa simu au kwa intaneti, mara kwa mara jina la Paul lilikuwa juu au karibu na juu. Lakini watafiti walipowapigia simu Warepublican waliochaguliwa kwa bahati nasibu kote nchini, kwa sehemu kubwa ya mwaka huo hakufikisha asilimia 10.

Wafuasi wake waliona hila. Ukweli ni kwamba vipimo hivyo viwili vilipima vitu viwili tofauti. Kura ya mtazamaji hupigwa na aliye tayari kuinuka kitini, kwa hiyo hupima kina cha mapenzi. Uchunguzi wa maoni humfuata hata asiyejali, kwa hiyo hupima upana wake. Paul alikuwa na kina bila upana. Katika sanduku la kura, anayekupenda kufa na anayekupendelea kidogo wana kura moja kila mmoja.

Upana huo ulizuiwa na mambo mengine pia. Mazungumzo yake kuhusu dhahabu na kuvunjwa kwa Benki Kuu yaliwashinda wengi kuyafuata. Januari 2008 jarida la The New Republic lilifichua kuwa barua za habari zilizotolewa kwa jina lake mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilibeba maneno ya kuwadhalilisha watu weusi. Paul alisema hakuyaandika na akayakana, lakini barua zilikuwa na jina lake. Tena mwaka 2004, azimio la kuadhimisha miaka 40 ya Sheria ya Haki za Kiraia lilipopita kwa kura 414 dhidi ya moja, kura hiyo moja ilikuwa yake. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ile iliingilia haki ya mtu juu ya mali yake. Kwa raia ambaye babu yake alifukuzwa mlangoni mwa mkahawa kwa sababu ya rangi yake, hoja hiyo haikuwa na utamu wowote.

Na kwetu sisi wa Afrika Mashariki? Paul alipinga misaada yote kwa nchi za nje, akiamini kuwa hutoka mfukoni mwa maskini wa nchi tajiri na kuishia kwa matajiri wa nchi maskini. Wako wasikilizaji watakaoitikia kwa kichwa. Lakini mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003 ulizilenga Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda miongoni mwa nchi nyingine, na wako watu walio hai leo kwa dawa hizo. Msimamo uleule uliomfanya apinge vita ulimfanya apinge dawa pia. Anayemsifu kwa la kwanza hana budi kulitazama na la pili.

Mwaka 2012 Paul alijaribu tena, akiwa na umri wa miaka 76. Alipata takriban asilimia 21 Iowa na asilimia 23 New Hampshire, na katika majimbo yote mawili karibu nusu ya wapiga kura Warepublican walio chini ya miaka 30 walimchagua yeye. Vijana wake wakajifunza kanuni za chama, wakakaa katika mikutano hadi usiku wa manane, na wajumbe wengi wa Iowa wakawa wao. Katika mkutano mkuu wa Tampa, Agosti mwaka huo, Paul hakuhutubia. Alieleza kuwa alitakiwa hotuba yake ikaguliwe kwanza na amuunge mkono Mitt Romney bila masharti, naye akakataa.

Je, alishindwa? Kwa hesabu ya majimbo, ndiyo. Lakini Julai 2012 mswada wake wa kuikagua Benki Kuu, uliochekwa kwa miaka mingi, ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 327 dhidi ya 98, ingawa haukuwa sheria. Mwanawe, Rand Paul, alichaguliwa kuwa seneta wa Kentucky mwaka 2010. Na kufikia mwaka 2016, Donald Trump aliweza kusimama jukwaani huko huko South Carolina, akavilaani vita vya Iraq mbele ya Warepublican wenzake, na bado akashinda jimbo hilo. Trump si mfuasi wa fikra za Paul, lakini mlango alioupita ulikuwa umekwisha kulegezwa.

Desemba mwaka huo huo, mjumbe mmoja wa Texas katika Baraza la Uchaguzi alikataa maelekezo ya chama na kumpigia Ron Paul kura ya urais. Ilikuwa kura moja kati ya 538. Wahenga walisema wengi wape, na Wamarekani waliwapa wengi. Lakini wachache nao walikuwa wamesema, na waliowazomea hawakuweza tena kudai kwamba hawakusikia.