Kalori: mambo tunayoyakosea

Hapa Majengo, Pumwani, ninakoishi, kila siku nasikia kwamba maji moto ya ndimu huyeyusha mafuta. Si kweli. Mwili hula akiba yake pale tu chakula kinapoleta nguvu pungufu ya ile unayoitumia.

Kosa la pili ni kudhani nguvu hutumika kwenye mazoezi tu. Kwa wengi wetu, zaidi ya nusu huendea moyo, ubongo, pumzi na joto la mwili, hata tukiwa tumelala.

La tatu, tunaogopa wanga tukasahau mafuta. Gramu 1 ya wanga au protini ina kilokalori 4. Ya mafuta ina 9. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kama 120. Hamri likishakunywa mafuta karaini, chai ya rangi isiyo na sukari haiifuti hesabu hiyo.

Jirani yangu mwenye kisukari alimeza dawa, akaacha kula ili apungue. Sukari ilimshuka, akaanguka mlangoni. Basi ndugu zangu, punguzeni taratibu. Na mwenye kutumia dawa amuulize daktari kwanza.