Jicho Ndani ya Chupa

Ndugu msomaji, kidonda cha mguuni hakina siri. Daktari akikitilia shaka anakata kinofu kidogo, anakipeleka maabara, jibu linarudi. Kazi hiyo wenyewe wanaiita biopsi. Haya, sasa uvimbe uwe ndani ya jicho, nyuma kabisa ya mboni. Utakata wapi? Retina ikishakatwa haioti tena. Ndiyo maana mimi nasema historia ya tiba ya jicho ni historia ya woga, na woga wenyewe ulikuwa na sababu.

Miaka mingi daktari alichungulia jicho kwa nje tu, halafu akakisia. Mara nyingi kisio lilikuwa lile lile: kifua kikuu au kaswende. Jicho likishindikana, linatolewa, linatiwa kwenye chupa ya dawa, linakatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini. Jibu lilipatikana, naam, ila jicho la kutibiwa halikuwepo tena.

Hapo ndipo anapoingia mama mmoja wa Washington, Marekani, Helenor Campbell Wilder. Hakuwa na shahada ya udaktari. Kazi yake ilikuwa kuyachunguza macho hayo katika taasisi ya patholojia ya jeshi. Mwaka 1950 akatoa taarifa iliyoshtua: katika macho 46 yaliyotolewa kwa hofu ya kansa ya watoto, 24 aliyakuta na minyoo michanga au mabaki yake. Kumbe minyoo! Mwaka 1952 akarudi na mengine 53, ambayo wakubwa walikwisha kuyabandika kifua kikuu na kaswende. Ndani yake akaona vijidudu vya toksoplasma.

Tusiwacheke waliotoa macho yale. Kansa ya retina huua mtoto ikichelewa kutibiwa. Walipima jicho na roho, wakachagua roho. Kilichokosekana ni njia ya kuuliza swali bila kumpofusha anayeulizwa.

Njia ikafunguka Miami mwaka 1970. Robert Machemer, daktari mzaliwa wa Ujerumani, alipitisha chombo chembamba ubavuni mwa jicho, mahali pasipo na retina, akakata na kufyonza ute unaolijaza jicho kama jeli. Nia ilikuwa kuondoa damu na ute mchafu ili mgonjwa aone. Lakini ute huo ukifika maabara, unasema mengi. Ipo kansa, limfoma, inayojifanya uvimbe wa kawaida. Ukiipa dawa ya steroidi inatulia, halafu inarudi. Macho ya daktari hudanganyika. Biopsi ya ute ndiyo huifichua.

Siku hizi hata tone linaweza kutosha. Mwaka 2014 daktari Ian Crozier aliugua Ebola akiwahudumia wagonjwa Kenema, Sierra Leone. Alitibiwa Atlanta, akapona, damu ikawa safi. Baadaye jicho la kushoto likavimba, na mboni ya buluu ikageuka kijani. Madaktari wakachoma sindano mbele ya jicho, wakavuta maji kidogo. Virusi vya Ebola vilikuwamo, hai! Machozi yake hayakuwa navyo. Bila sindano ile nani angejua? Jicho likabaki mahali pake, na kuona kukamrudia.

Sisi vijana tunaojifunza kuandika tunapenda kusifu mashine na mabingwa. Sawa, wasifiwe. Lakini kabla ya sindano ya Atlanta kulikuwa na macho ya watoto ndani ya chupa, tena yameshaandikwa jina la ugonjwa ambao hayakuwa nao. Na kulikuwa na mama asiye daktari, aliyekataa kuamini lebo hadi atazame mwenyewe. Huo nao ni utaalamu, ndugu yangu, na hauhitaji mashine.