Nairobi ilipochoma soko lake: Ugomvi wa mji uliojengwa kinamasini

Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yalipofika Mathare na Mukuru, tingatinga zilifuata nyuma yake kubomoa nyumba za watu walioamriwa kuhama kingo za mito. Wakazi walilaumiwa sana kwa kujenga pasipofaa. Kuhusu mji wenyewe machache yalisemwa, ingawa Nairobi nzima ilianzishwa pasipofaa, na wakuu wake wa kwanza walilijua jambo hilo, wakaandikiana barua juu yake, kisha wakaliacha lilivyo.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899. Wahandisi walipapenda kwa sababu zao: palikuwa na maji, na ardhi ilikuwa tambarare kabla reli haijaanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa, hivyo palitosha karakana na njia za kupishania treni. Kwa kituo cha reli palifaa. Kwa makazi ya watu, huo ulikuwa udongo mweusi unaoshika maji, pembeni mwa kinamasi. Mwaka huohuo afisa wa utawala John Ainsworth alihamisha ofisi ya mkoa kutoka Machakos, wafanyabiashara Wahindi wakafungua maduka, na mwaka 1900 mji ukapata kamati yake ya kwanza.

Kitovu cha mji huo mdogo kilikuwa bazaa ya Wahindi. Ilikuwa safu za vibanda vya mabati, mbao na turubai, na watu walilala nyuma ya maduka yao kwa kuwa hawakugawiwa pengine pa kulala. Mwaka 1902 tauni ikaingia. Ugonjwa huo huletwa na viroboto wa panya, na panya walikuwa tele pale palipokuwa na magunia ya nafaka na maji taka yasiyo na njia ya kutokea. Daktari Spurrier, aliyekabidhiwa kazi ya kuuzuia, aliamuru bazaa ichomwe moto, nayo ikachomwa. Wenye maduka waliona mali na makao yao yakiteketea kwa pamoja.

Zarina Patel, aliyeandika mwaka 1997 kitabu kuhusu babu yake, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, anasisitiza jambo ambalo historia za walowezi hulipita haraka: lawama ya tauni waliangushiwa Wahindi na mienendo yao, wakati waliopima viwanja na kukusanya kodi ndio walioshindwa kuchimba mitaro. Nakubaliana naye. Mwenye duka hawezi kuutoa maji mji mzima kwa jembe lake.

Baada ya moto huo ndipo ugomvi mkubwa ulipozuka: je, mji ujengwe upya palepale? Daktari Moffat, mkuu wa matabibu wa himaya, alikwisha kuonya kwamba mahali hapo ni pa hatari, na tauni iliporudi mwaka 1904 madaktari wakashikilia kwamba mji uondolewe bondeni na kupelekwa kwenye vilima, maji yanakoteremka yenyewe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kinamasi hakitibiwi kwa kiberiti. Upande wa pili ilisimama reli, pamoja na karakana zake, nyumba zake na fedha zilizokwisha kutumika. Mwaka 1905 Nairobi ikafanywa makao makuu badala ya Mombasa hata kabla ugomvi haujaamuliwa, na kila jengo jipya la serikali likawa hoja nyingine ya kubaki. Mwaka 1906 Kamishna Sadler aliufikisha wasiwasi huo London. Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni aliyezuru Nairobi mwaka 1907, alikiri katika kitabu chake cha safari kwamba mahali palichaguliwa vibaya, ila wakati wa kuhama ulikuwa umepita. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka minane tu.

Kwa hiyo ukajengwa upya palepale, na sehemu ya ujenzi huo ilitoka mfukoni mwa Jeevanjee. Mtu huyu alizaliwa Karachi mwaka 1856, akatajirika kwa kuleta vibarua na bidhaa za reli, na baadaye akawa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Mji ulipata soko lenye jina lake, na mwaka 1906 akautolea bustani yenye sanamu ya Malkia Victoria, ambayo ilizinduliwa na Duke wa Connaught, mwana wa Malkia. Katika mji uliowagawa watu kwa rangi, bustani hiyo ilitolewa kwa umma.

Mitaro haikupata mfadhili wa namna hiyo. Tauni ilirudi tena na tena, na mwaka 1913 akaja Profesa Simpson kuchunguza. Tiba aliyopendekeza ilikuwa kuwatenga Wazungu, Waasia na Waafrika, kila kundi na mtaa wake. Aliyekwenda kutazama maji alirudi na ramani ya rangi za watu, na hadi leo mtu akitoka Muthaiga kwenda Mathare anavuka mstari wa fikra hiyo.

Mengine yanajulikana: Maktaba ya McMillan mwaka 1931, soko jipya la jiji katika miaka ya 1930, hadhi ya jiji mwaka 1950, uhuru mwaka 1963. Victoria Street ikawa Mtaa wa Tom Mboya, na Bazaar Street ikawa Mtaa wa Biashara.

Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuigeuza bustani ya Jeevanjee kuwa maegesho ya magari. Zarina Patel aliongoza upinzani, wakazi wakamuunga mkono katika enzi ambayo kuipinga serikali kulikuwa na gharama, na mpango ukaachwa. Raia ndio walioilinda zawadi hiyo ya mwaka 1906, dhidi ya ofisi zilizopewa dhamana ya kuitunza.